Mtukufu Hajanawa

Niseme mapema, asije mtu akaninukuu vibaya: katika Jamhuri ya Kandokando hakuna njaa. Neno lenyewe liliondolewa kwenye matumizi ya serikali mwaka juzi, na mahali pake pakawekwa "mapumziko ya tumbo". Mtu akianguka kwenye foleni hatusemi ameanguka kwa njaa. Tunasema amepumzika kupita kiasi. Haya nayajua vizuri kwa sababu mimi, Mshamu Kilindo, ni Mkaguzi wa Sufuria Daraja la Pili katika Wizara ya Kiuno, na tangu niajiriwe sijapewa onyo ila lile moja la kucheka wakati wa hotuba, ambalo nilishaeleza kwa maandishi kwamba ilikuwa chafya.

Mambo yalianza na kifungo. Siku ya gwaride kuu, Mtukufu Nyangalio, Mlezi wa Taifa, alisimama kupokea saluti, akavuta pumzi ya kizalendo, na kifungo cha tatu cha koti lake kikaruka kikampata mpiga tarumbeta kwenye paji la uso. Kesho yake magazeti yaliandika kwamba Mtukufu amemtunuku mwanamuziki papo hapo. Lakini Mtukufu mwenyewe aliona kilichotokea. Akaenda ng'ambo wiki sita, akarudi amepungua. Tulijipanga uwanja wa ndege kumlaki, tukampigia vigelegele mpishi wake aliyetangulia kushuka, kwa kuwa tulikuwa tumezoea kumtambua kiongozi wetu kwa tumbo.

Daktari wa huko alimwambia mambo mawili tu. La kwanza, ale katika saa chache za mchana, na saa nyingine zote asile kitu. La pili, katika hizo saa chache aepukane na wanga. Ulikuwa ushauri wa mtu mmoja kwa tumbo moja, na haukuwa mbaya. Nchi nyingine ingemwambia "hongera, Mzee, umependeza", kisha ikaendelea kusonga ugali wake. Sisi tuna uzalendo.

* * *

Sheria ya Sinia Moja ilipita bungeni kwa dakika nne, na tatu kati ya hizo zilikuwa za makofi.

Kwetu, watu wakikaa kwenye sinia, mdogo hatii mkono kabla ya mkubwa. Na mkubwa akishanawa, wote mnanawa, hata kama ndiyo kwanza umeufikia mnofu uliokuwa ukiunyatia tangu mwanzo. Ni adabu tu, tumelelewa nayo. Waziri wa Kiuno, Profesa Mashombo, aliichukua adabu hiyo akaifanya sheria ya nchi.

"Ndugu wananchi!" alisema siku ya uzinduzi, huku walinzi wawili wakimsaidia kupanda jukwaani, mmoja akivuta na mwingine akisukuma. "Taifa ni nini? Taifa ni sinia! Na mkubwa wa sinia hili ni nani? Mnamjua! Haiwezekani, narudia, haiwezekani raia ameze tonge wakati Mlezi wa Taifa hajameza. Huo si ulaji, ndugu zangu. Huo ni uasi unaotafunwa!"

Tukashangilia. Mwandishi mmoja wa habari aliuliza kama hii ni aina ya funga. Profesa akamkanya vikali: si funga, maana funga ina futari, na futari ina mihogo.

Basi ikawa hivi. Redio ya Taifa ilihamishiwa ndani ya chumba cha kulia cha Ikulu. Mchana, ngoma ilipigwa mara tatu na mtangazaji akasema kwa sauti ya chini, "Mtukufu ametia mkono." Nchi nzima ikala. Baadaye ngoma ikapigwa mara moja: "Mtukufu amenawa." Nchi nzima ikaacha. Kanuni zilikuwa na huruma: tonge lililokwisha kuingia kinywani liliruhusiwa kumezwa, lakini la mkononi lilirudishwa sahanini. La njiani lilikuwa na kanuni zake, kurasa saba, na sidhani kama kuna aliyezimaliza.

Kwa kawaida Mtukufu alikula kuanzia saa sita hadi saa kumi, kidogo kidogo, huku akisoma barua. Hapo tulikuwa salama. Lakini kulikuwa na siku nyingine. Jumanne moja alichovya kidole kwenye mchuzi, akaukuta wa moto, akakitoa upesi, na ofisa itifaki, mtu mwepesi mno, akamwagia maji kidole hicho ili kukipoza. Ngoma ikalia. Siku hiyo taifa lilikula kwa sekunde kumi na moja. Jirani yangu alimeza yai zima, na ganda lake.

Upande wa wanga, serikali ilitaja Wahaini Saba: ugali, wali, chapati, maandazi, viazi, mihogo na ndizi za kupika. Mbunge wa huko kwenye viazi vitamu alijaribu kutetea kwamba vitamu si sawa na hivyo vingine, akaombwa athibitishe uraia wake. Nyama, samaki, mayai na siagi viliruhusiwa bila kikomo, jambo lililotufurahisha sana sisi tuliokuwa tukiiona nyama Idi hadi Idi. Na kwa wale watakaoukumbuka wali, Wizara ilileta malori ya koliflawa, yule binamu mweupe wa kabichi, pamoja na kijikaratasi kinachoeleza namna ya kuikwangua na kuiita Wali wa Taifa. Watu waliipokea kwa heshima, wakaiweka juu ya kabati.

* * *

Kazi yangu ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba na fimbo ya ukaguzi, utepe wa kupimia viuno, na daftari. Fimbo huingizwa ndani ya sufuria hadi chini. Wanga hung'ang'ania fimbo, koliflawa haing'ang'anii chochote. Ukoko ulihesabiwa kuwa ushahidi wa kudumu. Kuna sufuria moja ilikaa rumande wiki tatu kwa ajili ya ukoko wa zamani ambao hata mwenyewe alishausahau.

Wiki ya kwanza nilipelekwa Mtaa wa Mashimo, tulikodhani tutakuta ukaidi. Kumbe! Watu wa kule walikuwa wameitekeleza sera kwa miaka arobaini kabla haijabuniwa. Mlo mmoja kwa siku, na siku nyingine hata huo mmoja ulikuwa haujafika. Nilimpima Mzee Ngwali, fundi wa viatu, utepe ukamzunguka mara mbili ukabaki. Nikaandika ripoti kwa furaha, na Profesa Mashombo akaja mwenyewe na bendi kumkabidhi cheti cha Raia wa Mfano.

Mzee Ngwali alikipokea kwa mikono miwili, akakigeuza nyuma na mbele.

"Ahsante sana, mheshimiwa," akasema. "Hiki kinachemshwa kwa muda gani?"

Wote tukacheka, isipokuwa yeye.

* * *

Sasa nifike kwenye jambo langu, maana nami ni binadamu, japokuwa ni mtumishi wa umma.

Nilikuwa nimeposa. Nilimposa Stara, binti wa Bi. Zamoyoni, na posa ikapokelewa kabla ya sheria hii. Stara ni mwalimu wa hesabu, mrefu, mcheshi, ana tabia ya kunitazama nikizungumza mambo ya Wizara kana kwamba anasubiri nimalize kupiga mswaki. Nilimpenda sana. Nampenda bado. Miaka mitatu nilipita mbele ya shule yake kila asubuhi, nikisingizia kwamba njia ile ni ya mkato, na ilikuwa inazunguka mlima.

Mama yake, Bi. Zamoyoni, alikuwa mpishi wa shughuli. Akifunua sufuria lake la pilau, watu wa mtaa wa tatu hukumbuka kwamba wana undugu naye. Mwanamke huyo aliniita sebuleni kwake, akanikalisha mkekani.

"Mwanangu Mshamu," akasema, "mimi sina ugomvi na serikali yako. Mniambie nisile, sili. Mniambie nile majani, nitakula majani. Lakini mwanangu haozwi kwa kabichi."

"Si kabichi, mama, ni koliflawa."

"Ni kabichi iliyozeeka." Akaweka kikombe chini. "Unaijua mila yetu. Kadhi hafungui kinywa mpaka watu washibe, na mgeni mkubwa anawe mkono, na anayemmiminia maji ni bwana harusi mwenyewe. Kwa nini? Kwa sababu ndoa hushuhudiwa na watu walioshiba. Mwenye njaa anashuhudia nini? Ukimwuliza kesho atakwambia aliitwa mkutanoni, wakasomewa kitu, akarudi nyumbani."

"Mama, wali ni kosa la jinai."

"Ng'ambo ya mto si kosa," akasema taratibu. "Hamdani mwenye malori ameleta salamu mara ya pili. Kule kwao wanakula pilau na hata hawajifichi. Nakupa mpaka Ijumaa ya tatu, baba. Ijumaa hiyo ama nimekula pilau la harusi yako, au naenda kulila la Hamdani."

Nikatoka mle. Stara alikuwa ukumbini akisahihisha madaftari ya wanafunzi.

"Umesikia?" nikamwuliza.

"Nimesikia."

"Na wewe unasemaje?"

"Nasema Hamdani anatafuna mdomo wazi," akajibu, bila kuinua macho. "Fanya hima, Mshamu."

* * *

Nikafanya kama raia mwema yeyote: nikaomba kibali. Nilijaza Fomu ya Kuomba Kushiba kwa Pamoja, nakala tano. Pale penye "sababu ya kushiba" niliandika "ndoa". Karani akaniambia hiyo si sababu, ni matokeo, nikaandika upya.

Nilitegemea kukataliwa kwa ustaarabu. Badala yake Profesa Mashombo aliniita ofisini kwake, akainuka kitini kunipa mkono, na kiti kikainuka pamoja naye.

"Bwana Kilindo! Wizara imefurahi mno. Harusi yako itakuwa Harusi ya Mfano! Wageni mia tatu, pilau la koliflawa, redio moja kwa moja. Na mgeni mkubwa wa sinia, keti usije ukaanguka, atakuwa Mtukufu mwenyewe."

Nilikuwa nimeshaanguka. Katibu wake aliandika kwamba mwombaji alipumzika kwa furaha.

Nilimpelekea Bi. Zamoyoni habari hizo nikidhani atanitimua. Badala yake akauliza, "Nani anayekagua sufuria kabla Mtukufu hajala?"

"Mkaguzi wa mtaa, mama."

"Ambaye ni nani?"

"Ambaye ni mimi."

"Haya," akasema, akajifunga kanga vizuri kiunoni. "Nenda kapumzike, baba. Shughuli ni ya wanawake."

Kuanzia siku ile wanawake wa mtaani walianza kuleta zawadi za harusi mapema, na wote, sijui kwa nini, walileta mito ya kulalia. Kila mmoja alikuja na mto wake kifuani, ameukumbatia kwa mikono miwili, anatembea polepole kama aliyebeba mtoto mchanga. Mito ilikuwa mizito. Mingine, ukiitikisa, ilitoa mchakacho. Nilihesabu mito thelathini na sita, nikaandika kwenye ripoti yangu ya wiki kwamba mtaa wetu una usingizi mzuri.

* * *

Ijumaa ya tatu ikafika. Uwanja wa nyuma ya nyumba ya Bi. Zamoyoni ulitandikwa mikeka, masinia yakapangwa, na bendera zenye picha ya koliflawa zikapepea. Kadhi alikaa pembeni, kitabu mapajani. Hamdani naye alikuja. Alikuwa amevaa kanzu iliyopigwa pasi mpaka inakata, akaketi karibu kabisa na kadhi. Nilipomwuliza, alisema amekuja kwa tahadhari tu.

Kabla ya Mtukufu kufika, nilisimama mbele ya sufuria kubwa, fimbo mkononi. Profesa Mashombo alikuwa nyuma yangu, na mtu wa redio ameinua kipaza sauti. Bi. Zamoyoni akafunua.

Ndugu zangu. Harufu ya bizari, iliki na mdalasini iliyotoka mle iliwatoa watu machozi kabla hawajajua wanalilia nini. Niliingiza fimbo mpaka chini. Ilipotoka, ilikuwa imevaa punje kuanzia juu hadi chini, ndefu, za kahawia, zinang'aa mafuta. Hata mtoto wa chekechea angejua. Nilimtazama Bi. Zamoyoni, naye akanitazama. Niliona miaka yangu tisa ya utumishi, na pensheni, na daraja la kwanza nililokuwa nikilingojea, vyote vimening'inia kwenye ile fimbo. Nikasikia kikohozi cha Stara nyuma ya pazia la dirisha.

"Koliflawa," nikasema. "Ya punje ndefu."

"Ya punje ndefu!" Profesa akarudia kwenye kipaza sauti. "Ndugu wananchi, utafiti wetu unazaa matunda!"

Mtukufu akaingia kwa king'ora, mwembamba, mashavu yamebonyea, anaonekana mtu ambaye hajalala vizuri kwa miezi. Akaketi kwenye sinia. Mia tatu tukaketi. Kote nchini, watu walikuwa wamekaa mbele ya kabichi zao, redio ikiwaka.

Ngoma tatu. "Mtukufu ametia mkono."

Akafinyanga tonge. Akalipeleka kinywani. Akatafuna mara moja, akasita.

Nilijua kwamba amejua. Profesa alijua kwamba Mtukufu amejua, maana naye alikuwa na tonge kinywani na macho yamemtoka. Watu mia tatu tukaganda. Mtukufu Nyangalio aliinamisha kichwa, na kwenye kipaza sauti taifa zima likamsikia akivuta kamasi.

"Miezi kumi," akanong'ona. "Miezi kumi, mama yangu."

Kisha akatia mkono tena.

* * *

Saa kumi ikafika. Mtukufu hakuinua kichwa. Saa kumi na moja, bado anakula. Redio, kwa mujibu wa kanuni, ilitangaza kila robo saa: "Mtukufu hajanawa." Huko mitaani watu walianza kuelewa. Maana sheria haikusema nchi itakula saa ngapi. Ilisema nchi itakula mpaka mkubwa anawe. Waliomaliza kabichi wakachimbua mihogo waliyoizika nyuma ya vyoo. Mtu wa redio mwenyewe alitoa andazi kwenye mfuko wa koti. Pale uwanjani Mzee Ngwali wa Mtaa wa Mashimo alikuwa akitafuna taratibu, amefumba macho, na kila akimeza anayafumbua kuhakikisha sinia bado lipo.

Ni Profesa Mashombo aliyeinuka kwanza. Alinivuta pembeni.

"Kilindo! Wewe ndiye bwana harusi. Mila ni yako. Mmiminie maji!"

"Mheshimiwa, hajamaliza."

"Hatamaliza! Huoni? Nchi imefunguka mdomo! Mmiminie, anawe, kadhi afungishe, uchukue mke wako, na sera ipone. Leo hii nakupa daraja la kwanza."

Birika lilikuwa tayari, limejaa maji, na beseni kando yake. Nililishika. Niseme ukweli, nilifurahi. Hatua nane tu zilinitenganisha na Stara: nimfikie Mtukufu, niinamishe birika, ngoma ilie, kadhi afungue kitabu. Hamdani aliponiona nimesimama alinyoosha kanzu yake na kusonga zaidi kwa kadhi. Nikatembea hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Watu wakaona birika. Hakuna aliyenizuia, maana angenizuia kwa lipi? Ni harusi yangu, ni haki yangu. Wakaanza tu kula haraka. Hicho ndicho kilichonikata maini. Mama mmoja alikuwa akiwashindilia wanawe wawili matonge kwa zamu, anapiga jicho kwenye birika, anarudi kwa watoto. Mzee Ngwali alifumbua macho, akanitazama, akaanza kutia wali mfukoni.

Nikasimama. Nikageuka kwenye dirisha. Pazia lilikuwa limefunguka na Stara ametoa kichwa nje, hina mikononi, shungi limemkaa upande.

"Stara," nikasema, "nikiyamimina haya, nakuoa sasa hivi."

"Najua."

"Nisipoyamimina, sijui nitakuoa lini."

"Hata hilo najua, hesabu nafundisha mimi," akasema. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. "Lakini Mshamu, ukiyamimina, kesho nitaingiaje darasani? Wale watoto hawajui tatu ukiongeza nne kwa sababu wanalala mezani kwa njaa."

Alilitamka hilo neno hadharani, redioni. Hakuna aliyemkamata, kila mwenye mamlaka alikuwa na mkono kwenye sinia.

Sasa, mimi si shujaa. Sijawahi kupinga amri, na hata siku ile sikupinga. Nilifanya kitu pekee ninachokijua. Nilimwendea Profesa, nikasimama kikakamavu, nikasema kwa sauti ya kazini:

"Mheshimiwa Waziri, maji haya hayajakaguliwa."

"Nini?"

"Kanuni ya kumi na tisa. Kitu chochote kitakachougusa mkono wa Mtukufu wakati wa mlo sharti kikaguliwe na kuthibitishwa kwamba hakina wanga. Siwezi kuhatarisha maisha ya Mlezi wa Taifa."

"Ni maji, wewe punguani! Maji ya kisima!"

"Ndivyo yanavyoonekana, mheshimiwa."

Akanyanyua mkono anizabe kibao, na punje za pilau zikamdondoka vidoleni mbele ya watu wote. Akaurudisha upesi nyuma ya mgongo. Hapo ndipo Mtukufu Nyangalio alipoinua kichwa. Ndevu zake zilikuwa na mchuzi. Alilitazama birika kwa hofu, akanitazama mimi, kisha akamtazama Waziri wake.

"Bwana harusi ana akili," akasema, sauti nzito ya kutoa amri. "Sheria ni sheria. Yakaguliwe."

"Kwa muda gani, Mtukufu?" akauliza Profesa, karibu kulia.

"Kwa makini," akasema Mtukufu, akatia mkono.

* * *

Nilibaki nimelikumbatia birika, na moyo umeniuma. Kadhi alifunga kitabu chake. Hamdani akakohoa, akainuka, akamwendea Bi. Zamoyoni kwa adabu, akaanza kusema kwamba kwa kuwa hapa mambo yamekwama, na kanzu anayo tayari mwilini…

Macho ya Bi. Zamoyoni hayakuwa kwake. Alikuwa amesimama kando ya sufuria lake, anawatazama watu mia tatu wakila. Aliwatazama sana. Kisha akaingia ndani, akatoka amemshika Stara mkono, akamleta mpaka nilipo, akamketisha mkekani.

"Kadhi," akasema, "fungisha."

"Bibi, mgeni mkubwa hajanawa," kadhi akajibu. "Mila yako mwenyewe."

"Mimi nilitaka mashahidi walioshiba. Fumbua macho uwatazame." Akanigeukia mimi. "Aliyekataa kuwatoa watu tonge mdomoni hatamlaza mwanangu na njaa. Fungisha, shehe, na hilo paja la kuku liweke chini kwanza."

Tukafungishwa ndoa. Mashahidi walikuwa wengi, na ukiwauliza leo kila mmoja anakumbuka neno kwa neno.

Mwaka na ushee umepita. Sheria ya Sinia Moja haijafutwa, kwa kuwa kwetu serikali haikosei hata ikabidi ijirekebishe. Ila Mtukufu hajanawa. Anatembea na mkono wa kulia ndani ya glavu ya hariri, anatia saini nyaraka za nchi kwa kushoto, Wahaini Saba wamepata msamaha wa kimyakimya, na kifungo cha tatu kimeanza kukaza tena. Profesa Mashombo ni balozi wetu katika nchi ambayo bado hatujaipata kwenye ramani. Kwa hesabu za Wizara harusi yangu inaendelea, na mwanetu alipozaliwa mwezi uliopita, msajili alimwandika kama mgeni mwalikwa. Nchi nyingine huwaombea viongozi wao maisha marefu. Sisi kila jioni, tukimaliza ugali, tunamwombea wetu asije akashikwa na mvua.

Mimi naenda kazini kila siku. Birika lipo juu ya meza yangu, na barua zinakuja kutoka juu kuuliza nimefikia wapi. Jana nilifungua kifuniko, nikayatazama maji kwa makini kama nilivyoamriwa. Ni safi kabisa, yanaonyesha mpaka chini. Nikafunika, nikachukua kalamu, nikaandika: Uchunguzi unaendelea.